Mchimbaji wa Makongolosi

Zile bodi za kompyuta zililetwa kwenye magunia ya viazi, nyuma ya Canter iliyopakia pia makabati ya chuma na viti visivyo na migongo. Ofisi moja mjini ilikuwa imepiga mnada kompyuta zake chakavu. Dalali aliyezinunua alichambua zilizowaka akaenda kuziuza Mwanjelwa, na bodi za zilizogoma akamletea Shangazi kwenye yadi yake ya skrepa, Iyunga, Mbeya, jirani na reli ya TAZARA. Ilikuwa Julai 2014. Ukungu ulikuwa bado umefunika Mlima Loleza, na vijana wa yadi walikuwa wanaota moto uliowashwa ndani ya rimu ya gari. Kwa baridi ile hakuna aliyekuwa na haraka ya kushika chuma kwa mkono mtupu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ambayo watu hawaulizani mezani, na baba akaamua niende kwa dada yake nikamsaidie hesabu. Kazi yangu ilikuwa kusoma mizani na kuandika. Lakini kwenye skrepa huwezi kuandika usichokijua, kwa hiyo Shangazi alinifundisha kwanza kutofautisha. Sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu ilining'inia shingoni mwangu kwa kamba ya kiatu. Ikinasa, ni chuma, bei ya chini. Isiponasa, ndipo maswali yanaanza: ni shaba, brasi, alumini, au ile steli ya masinki ambayo nayo huikataa sumaku? Hapo unakwaruza kwa kisu, unatazama rangi ya ndani, kisha unapima kwa kiganja. Kwa ukubwa uleule, shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini, na kiganja kikishazoea hakidanganyiki kirahisi.

Mali ya yadi ile ilikuwa ndani ya kompresa za friji. Kile chungu cheusi cha nyuma kimeunganishwa kwa welding pande zote, na kijana wa tindo na nyundo anahangaika nacho mpaka mshono ufunguke, mafuta yamwagike, mota ionekane. Baada ya hapo ni kukata koili upande mmoja na kuivuta upande wa pili. Ukibahatika, nyaya ni nyekundu mpaka ndani. Usipobahatika, ukizikwaruza rangi ya shaba inabanduka na chini yake kuna weupe wa alumini. Viwanda vingine vilikuwa vimeanza kubana matumizi, na rangi ile ya juu ni vanishi tu. Kwa hiyo kila koili ilikwaruzwa kabla ya kupanda mizani, hata ikiletwa na padri.

TV za chogo nazo zilikuwa zimejaa. Mitambo ya analojia ilipozimwa Mbeya mwaka 2013, zenyewe hazikufa, king'amuzi kiliziweka hai. Ila mwenye nacho alipokwenda dukani kununua king'amuzi alirudi na TV bapa, na ya chogo ikaishia stoo, kisha kwa watoto wa mkokoteni, kisha kwetu. Tulitoa koili ya shingoni na ule mkanda wa nyaya unaozunguka kioo. Kioo chenyewe kina madini ya risasi ndani yake na hakina mnunuzi. Vilirundikwa nyuma ya choo, na sidhani kama kuna aliyekuja kuviondoa mpaka leo.

Sasa yule mchimbaji wa dhahabu. Alitoka Makongolosi, huko Chunya, kutafuta vipuri vya karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Alikuwa na koti la mvua, buti zenye vumbi jekundu, na adabu nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu, angalia mwenyewe."

Alizunguka yadi nzima akigongagonga vyuma, akafika kwenye magunia ya bodi. Akatoa moja, akaifuta kwa mkono wa koti, akaisogeza kwenye mwanga. Pembeni mwa bodi kulikuwa na safu ya meno ya njano, yale yanayochomekwa kwenye mashine. Akakaa kimya muda mrefu.

"Mama, hii ni dhahabu."

"Najua ni dhahabu," Shangazi akamjibu. "Ndiyo maana haikai na makopo."

Na kweli alijua. Kulikuwa na wanunuzi waliopita kutoka Dar es Salaam wakichukua bodi kwa kilo, nzima, zisizochomwa. Walisema zinasafirishwa nje. Baadaye nilikuja kusoma kuhusu mitambo kama ule wa Hoboken, Ubelgiji, inayoyeyusha bodi kwa tani na kuchambua dhahabu, fedha, paladi na shaba. Wakati ule tulichojua ni bei ya kilo tu, na kwa mtu aliyeshika dhahabu mkononi, bei ya kilo ni matusi.

Mchimbaji alivua koti akaanza kumpigia Shangazi mahesabu ya pointi. Kwa wachimbaji wetu gramu moja ni pointi 10, na alisema kule kwao watu wanachimba duara, yaani shimo la mgodi, miezi mitatu, wanasaga mawe usiku na mchana, wanaosha mwaloni, wanaondoka na pointi chache. Hapa mawe hayapo. Dhahabu imeshapakwa juu, inasubiri kuvunwa. Hakuwa mjinga hata kidogo. Tani ya bodi za kompyuta inaweza kubeba gramu 200 za dhahabu, wakati mwamba wenye gramu 5 kwa tani watu wanaushangilia. Alikosea mahali pengine.

Kisha akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kikohozi. Nilipokipokea nusura kiniponyoke kwa uzito. Ilikuwa zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kunasa dhahabu, kisha huichoma ikaondoka na dhahabu ikabaki.

Sura ya Shangazi ilibadilika. Mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, aliwahi kuchimba Chunya akawa anachomea zebaki ndani ya chumba alicholala, kwa kuogopa wezi. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, kwa hiyo aliona anaokoa mali. Miaka ya mwisho mikono yake ilitetemeka hata kikombe cha chai alinyweshwa. Nilitegemea Shangazi amfukuze yule mtu na kichupa chake. Hakumfukuza. Nadhani tamaa ilimshika naye, na simlaumu. Magunia mawili ya dhahabu yamelala uani kwako na mtu anayejua kazi amesimama mbele yako. Alichofanya ni kuweka masharti. Gunia moja lipimwe, achukue yeye, kitakachopatikana wagawane nusu kwa nusu. Gunia la pili lisiguswe. Na moto usiwashwe ndani ya yadi. Akachomee ng'ambo ya reli, uwanjani, na mimi niende kushuhudia nikiwa nimesimama upande upepo unakotoka.

Kazi ya kusaga ilichukua siku nzima. Alikata bodi vipande kwa mkasi wa bati, akazitwanga kwenye kipande cha bomba nene kilichozibwa chini, vumbi la kijani likatanda mpaka mama lishe wa jirani akafunika maharage yake na kuanza kutusema. Alipepeta, akaosha kwenye karai kwa mzunguko ule wa mikono ambao wachimbaji wanao, plastiki ikaelea ikaondoka na maji, vyuma vikabaki chini. Akamimina zebaki.

Hapo niliona kitu cha ajabu. Yale meno ya njano yaliyokuwa bado yanaonekana yalipoteza rangi yakawa meupe. "Imekamata," akasema, na akaendelea kukoroga kwa vidole vitupu. Akakusanya, akaweka kwenye kitambaa, akakamua. Zebaki ya ziada ilichuruzika, na ndani ya kitambaa likabaki dongo la kijivu kubwa kuliko ndimu.

Alicheka kwa sauti. Vijana waliacha kompresa zao wakaja kuona. Kwake Makongolosi dongo la ukubwa huo lingekuwa nyumba ya matofali. Shangazi alilipima kwa mkono wake, akalirudisha, akauliza swali moja tu: "Mbona ni rahisi hivi?"

Tukavuka reli. Alikuwa na jiko dogo la mkaa na kikaango kilichokatika mpini. Nilimuuliza kuhusu retoti, kile chombo cha kunasa mvuke, akasema inachelewesha. Nilisimama mbali, mgongo kwenye upepo. Yeye aliinama juu ya jiko na kupuliza makaa, na hilo ndilo ninalolikumbuka vibaya zaidi, kule kupuliza.

Dongo la dhahabu likichomwa hubaki gumu, lenye vitundu, rangi inaanza kurudi taratibu. Hili lilikaa kidogo, likalegea, kisha likayeyuka lote na kutawanyika kwenye kikaango, jeupe linalong'aa. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064. Jiko la mkaa la namna ile haliifikii. Aliyetazama tu rangi angeweza kubaki na tumaini. Yeye alikuwa mtu wa kazi, akajua pale pale. Alikaa chini kwenye majani.

Shangazi alipoletewa kile kipande kilichopoa alikiburuza kwenye kadi ya boksi, kikaacha mstari wa kijivu. "Risasi ya mafundi redio," akasema. Na ndivyo ilivyokuwa. Bodi za zamani kama zile zililehemiwa kwa bati na risasi, na zebaki haichagui. Inakamata dhahabu, na inakamata bati na risasi kwa ulafi uleule. Ile dhahabu ya kwenye meno unene wake ni kama elfu moja ya milimita, mara nyingi pungufu. Ilikuwa humo ndani ya kipande, imezama. Nilipiga hesabu nyuma ya ukurasa: gunia lake lilikuwa na kilo 10 na kidogo, kwa hiyo pointi 20 hivi, kama isingepotea hata chembe kwenye maji na vumbi.

Alitaka kujaribu tindikali. Alimjua mtu Mbeya mjini anayeiuza. Shangazi alisema tindikali haitaingia uani kwake, na kwamba kosta ya mwisho ya Chunya imeshaondoka, hivyo ale ugali alale. Gunia la pili liliuzwa kwa kilo wanunuzi wa Dar es Salaam walipopita. Fedha haikuwa ya kujengea, lakini ilitosha kulipia kodi ya yadi na kununua tindo mpya mbili.

Hakuondoka kesho yake. Nauli hakuwa nayo, na vijana walikuwa wanahangaika na kompresa kubwa ya friji la bucha. Alichukua nyundo. Mtu aliyevunja mwamba miaka kumi anajua pa kupiga. Mshono uliachia kabla vijana hawajamaliza kumcheka. Alibaki mpaka mvua zilipokaribia, akilipwa kwa kila kompresa, na Shangazi alianza kumwita "mdogo wangu".

Alipoaga alikuwa ameshaichagua pampu ya maji iliyokuja na mzigo wa shamba moja la Uyole. Aliitaka kwa ajili ya kukausha duara. Fundi wa kusuka mota Mwanjelwa alikuwa ameshamwahidi kuisuka upya.

"Ipandishe mizani," Shangazi akasema. "Gamba la pampu bei ya chuma, koili bei ya shaba."

"Dada, koili imeungua hiyo! Nusa mwenyewe."

"Imeungua vanishi. Shaba imo yote."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwishoni alikubali, akahesabu noti, kisha akazishikilia.

"Na fundi akiitoa hiyo shaba ya zamani, nikurudishie, utanunua kwa bei hii hii?"

"Kwa bei ya siku hiyo," Shangazi akamjibu, akanyoosha mkono achukue fedha.