Takwimu za uhalifu huharibikia kaunta

Mafunzo ya polisi kuhusu takwimu za uhalifu mara nyingi huanza na projekta na ramani za rangi. Yangefaa kuanzia kaunta, kwa konstebo anayeandika RB, yaani kumbukumbu ya taarifa iliyoletwa kituoni. Mafunzo yakiwa ya siku 5, mbili nzima ziishie hapo, maana kilichoandikwa ovyo pale hakuna programu itakayokinyoosha baadaye.

Chukua saa. Mlalamikaji anasema ameporwa simu saa mbili usiku. Askari mmoja ataandika 20:00, mwenzake 2:00, mwingine "saa 2" tu. Mwisho wa mwezi kompyuta inasoma 2:00 kama saa nane usiku, doria inapangwa saa nane usiku, na vibaka wanaendelea na kazi yao saa mbili, watu wanapotoka sokoni. Kwa hiyo fomu iwe na nafasi mbili: ya kwanza saa kama ilivyotamkwa, pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, ya pili saa kwa mfumo wa 24. Kanuni ya kugeuza ibandikwe ukutani. Saa 12 asubuhi toa 6. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni ongeza 6. Kuanzia saa 1 usiku hadi saa 5 usiku ongeza 18. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri toa 6, na tarehe inakuwa ya siku inayofuata. Ndiyo maana "Jumamosi usiku" haitoshi: iandikwe "usiku wa kuamkia Jumapili". Wapo wazee ambao kwao usiku wa Jumapili ndio huohuo wa kuamkia Jumapili, kwa hiyo askari aulize, asikisie.

Nyumba iliyovunjwa wenyewe wakiwa safarini au usingizini haina saa moja. Andika saa ya mwisho mali ilipoonekana na saa wizi ulipogunduliwa. Kama ni kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, hizo ni saa 8, basi kila saa ipewe sehemu moja ya nane ya tukio, yaani 0.125. Ukijumlisha matukio 30 ya namna hiyo, saa zenye uzito hujitokeza zenyewe. Anayeandika saa ya kugundua peke yake atapata wezi wote wa alfajiri.

Mahali nako pana mitego. Kosa la kawaida ni kuandika anapoishi mlalamikaji badala ya pale alipoporwa. La pili ni "Majengo, karibu na soko", maelezo yanayoweza kumaanisha pande zote nne za soko. Tangu operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, mitaa ina majina na nyumba zina namba. Muulize mlalamikaji, au mwenyekiti wa mtaa, namba ya nyumba iliyo karibu zaidi na tukio. Kama ni kwenye korongo lisilo na nyumba, taja kivuko.

Halafu kuna simu "zilizopotea". Mtu aliyeporwa anataka kurudishiwa laini yake tu, kwa hiyo anachukua taarifa ya kupotelewa mali na kwenda zake. Uporaji huo hauingii popote. Swali moja linatosha: "Ilikutoka vipi mkononi?"

Siku ya tatu ndiyo ya ramani, na karatasi kubwa yenye pini inafundisha vizuri kuliko kompyuta. Utafiti wa Minneapolis, Marekani, uliochapishwa 1989 ulionyesha kuwa takriban asilimia 3 ya anwani ndizo zilizozaa nusu ya simu zote za kuita polisi. Tafuta hiyo kona yako, si kata nzima. Utafiti mwingine wa mji huohuo, wa 1995, ulionyesha kuwa askari kukaa sehemu moja kama dakika 10 hadi 15 kunatosha kutuliza mambo hata baada ya yeye kuondoka. Zaidi ya hapo faida inapungua. Kwa kituo chenye gari moja na mafuta ya kupimia, hilo ni jambo kubwa.

Kulinganisha kunahitaji kuujua mji. Dodoma ya Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likiwa linaendelea na nyumba za wageni zimejaa, isilinganishwe na Machi; ilinganishwe na Aprili hadi Juni ya mwaka uliopita. Tena matukio yakitoka 2 kufika 4, usimwandikie OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kwamba uhalifu umepanda kwa asilimia 100. Chini ya matukio 20, andika idadi yenyewe. Na taarifa za Dawati la Jinsia na Watoto zikiongezeka baada ya elimu mitaani, huenda watu wameanza kuthubutu kusema. Mkuu anayemfokea askari kwa ongezeko hilo atafundisha kituo kizima kuficha.

Kwenye mkutano wa mtaa, polisi kata apeleke kona, saa na aina ya tukio, basi. Majina na namba za nyumba za walalamikaji zibaki kituoni, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavyotaka, na matukio ya ukatili wa kingono yasionekane kabisa kwenye ramani ya wananchi. Waulizwe wanaopita pale kila siku: bodaboda, mama lishe, walinzi. Wao ndio watakaosema kwamba taa ya kona imezimika au kichaka cha korongoni kimefunga njia. Kila jambo liandikiwe mtu na tarehe. Wiki 6 baadaye hesabu upya kwa saa zilezile, kona ileile, na mtaa wa jirani pia, usije ukakuta vibaka wamehamia upande wa pili wa korongo.