Kelele za Jikoni

Kadi iliyokuwa ndani ya kasha la kanda ya sauti ilisema hivi tu: nyimbo tatu za Kimi'kmaw, mwimbaji mwanamume, kelele nyingi chinichini. Kimi'kmaw ni lugha ya Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa mashariki mwa Kanada. Jina la mwimbaji halikuwepo, wala la kijiji. Mwaka ulikuwa umefifia ikabaki 196 na doa la wino, basi tukajua ni miaka ya 60.

Nilikuwa nasoma Cape Breton, kisiwa cha upande wa mashariki wa jimbo la Nova Scotia, Kanada, na nje ya masomo nilipata kibarua katika hifadhi moja ya sauti, kuhamishia kanda za zamani kwenye kompyuta. Kazi yenyewe inataka subira tu. Kanda ya nusu saa itakula nusu saa yako, haina njia ya mkato. Zile za asetati, aina ya plastiki iliyotumika sana kabla ya poliesta kushika soko, zikianza kuoza hunuka siki, na ukifungua kasha pua inakupa habari kabla ya macho. Hii yetu ilinuka kidogo. Tukaamua ipigwe mapema, kabla haijajikunja.

Waliokuja kuisikiliza walikuwa wawili, bibi mmoja wa Eskasoni, mwenye miaka sabini na ushei, na mjukuu wake wa kiume. Eskasoni ndiyo jamii kubwa kuliko zote za Wami'kmaq. Kutoka mji wa Sydney wa kisiwani humo ni mwendo wa kilomita kama 40, barabara ikipindana na ziwa Bras d'Or, na siku ile theluji iliwachelewesha. Bibi alivua glavu, akakataa kahawa, akaomba chai. Akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Pangani, Tanzania.

"Kuna bahari?"

"Ipo mlangoni."

Akaridhika, akaketi.

Mtunzaji wa hifadhi, mama makini sana, alikuwa na orodha yake ya maswali: nani anaimba, wimbo gani, huimbwa lini. Ndivyo wakusanyaji walivyouliza tangu mwanzo. Machi 1890, Jesse Walter Fewkes alikwenda Calais, jimbo la Maine, Marekani, akawarekodi Wapassamaquoddy, jirani na ndugu wa Wami'kmaq, kwenye mitungi ya nta ya mashine ya Edison ya kunasa sauti. Mtungi mmoja ulibeba dakika chache tu. Mtu alisogeza mdomo kwenye tarumbeta ya mashine, akaimba, akanyamaza. Mwaka 1910 Frank Speck alimrekodi hivyohivyo Santu, mwanamke ambaye mama yake alikuwa Mmi'kmaw, karibu na Gloucester, Massachusetts. Nta haikuwa na nafasi ya mambo ya jikoni. Kanda ya sumaku ilikuwa nayo, na aliyerekodi hii yetu, nadhani kwa uvivu, uvivu ambao namshukuru, aliweka mashine mezani akaiacha izunguke.

Nikabonyeza. Mwanamume akaanza kuimba, sauti nzito, hana haraka. Bibi alisikiliza kidogo tu.

"Ko'jua," akasema. "Ngoma hiyo tunaicheza mpaka leo."

Mtunzaji akaandika. Kisha nyuma ya sauti ya mwimbaji ukaja mshindo, du! na vitu vidogo vigumu vikagongana. Bibi akainua kidole.

"Rudisha."

Nikarudisha. Du!

"Tena. Punguza huyo mwanamume."

Kwenye kanda ya namna ile huwezi kumtoa mtu mzimamzima, lakini yeye aliimba chini na waliokuwa nyuma yake walikuwa wanawake, wenye sauti za juu. Nikakata besi, nikapandisha za juu, mwimbaji akarudi nyuma hatua kadhaa. Jiko likajaa watu. Mlango unafunguliwa, mtu anakohoa, mwanamke anahesabu.

"Wanacheza waltes," akasema bibi, na kiti akakisogeza karibu na spika.

Waltes huchezwa kwa bakuli pana la mti na kete sita za mfupa, upande mmoja bapa wenye alama, upande wa pili umebenuka. Bakuli huinuliwa likashushwa kwa kishindo juu ya kitambaa kilichokunjwa, kete zikaruka, na pointi hutoka kwa zilivyolala. Huhesabiwa kwa vijiti 55, vya kawaida 51, kimoja kinaitwa mzee, na vitatu ndio wake zake. Nilipoambiwa hilo la mzee na wake watatu nilicheka peke yangu. Wenzangu hawakuona cha kuchekesha.

"Huyo shangazi yangu," akasema bibi baada ya mshindo mwingine. "Hakuna mwingine aliyeshusha bakuli hivyo."

Mtunzaji alitazama kadi, akaniangalia mimi, kama anayeuliza inawezekanaje. Mimi sikushangaa. Pale barazani kwetu mjomba wangu hukaa ameupa mgongo ubao wa bao, na kwa kete zinavyoanguka shimoni anakwambia nani kacheza.

Tukaisikiliza kanda nzima. Zamu hii nyimbo ndizo zilikuwa kelele. Katikati pakazuka ugomvi, inaonekana mtu kaficha kijiti, na bibi alicheka mpaka akavua miwani. Alimsimulia mjukuu kwa Kimi'kmaw, mjukuu akatupa sisi nusu ya mambo kwa Kiingereza. Nusu ya pili hatukupewa. Mjukuu akamuuliza kama na yeye sauti yake imo.

"Mimi simo," akasema. "Nilikuwa shule ya bweni."

Alilitamka kama mtu anayetaja saa ya basi. Shule zile za serikali na kanisa zilikuwa mahali ambapo mtoto aliadhibiwa kwa kusema lugha yake, hii hii iliyokuwa inatoka kwenye spika. Hakuna aliyeongeza neno. Nikaiacha kanda iendelee.

Dakika chache mbele, wanawake walipunguza sauti, na yeye akanyoosha mkono.

"Hapa msimsikilizishe mtu."

Mtunzaji akauliza kwa heshima kama ni sala au wimbo wa msiba.

"Ni umbea. Wajukuu wa huyo wanayemsema nasali nao kanisa moja."

Mtunzaji akaandika dakika ya kuanzia na ya kuishia, na kipande kile kikafungwa. Mpaka siku hiyo nilidhani vinavyofungwa kwenye hifadhi ni mambo matakatifu tu. Lakini umbea nao una wenyewe, tena wenyewe wako hai. Wami'kmaq wamechoka na wageni wanaorekodi na kuondoka. Siku hizi mtafiti anayetaka kuchunguza mambo yao hupeleka kwanza mpango wake kwa kamati yao, Mi'kmaw Ethics Watch. Nikimkumbuka bibi na dole lake, naona ni haki.

Kanda ikaisha mchezo haujaisha. Bibi akatangaza kwamba shangazi alishinda. Mjukuu akapinga, eti kwa hesabu aliyoisikia upande wa pili ulikuwa mbele. Walibishana mpaka kwenye makoti. Nikawapa nakala mbili, moja nzima ya familia na moja yenye pengo. Walipofika mlangoni mtunzaji akakumbuka orodha yake.

"Samahani, mwimbaji je? Ni nani?"

"Simjui," akasema bibi, akifunga zipu. "Mgeni, labda wa New Brunswick. Sauti nzuri, lakini alikuwa anawasumbua wachezaji."