Kitunguu saumu kilivyomchoma mama mkwe goti, na tulivyolitibu

Mama mkwe wangu anaishi Nyalenda hapa Kisumu, na goti lake la kushoto limemtesa miaka mingi. Jirani akamshauri aponde kitunguu saumu, apake, afunge usiku kucha. Mama akafunika ile dawa na karatasi ya plastiki ya mkate isikauke, kisha akakaza leso juu yake. Lilimwasha hadi usingizi ukakataa, lakini akavumilia. Huku kwetu dawa ikiwasha watu husema inafanya kazi.

Asubuhi nilipomfungua, malengelenge yalikuwa yamejaa maji ya njano, makubwa kama sarafu ya shilingi ishirini, na pembeni ngozi ilikuwa imetoka pamoja na leso. Jirani alishakuja na dawa ya meno ya kumpaka. Nilimshukuru, nikaiweka mezani, nikampeleka mama bombani. Tulimwagia goti maji baridi ya bomba, taratibu, kama dakika ishirini, mabaki yote yakatoka. Malengelenge sikuyapasua, maana ile ngozi ya juu inazuia uchafu usiingie. Nikafunika na kitambaa safi bila kukaza, tukaita boda itupeleke kliniki.

Kazi kubwa ilikuwa njiani. Mama alitaka tuseme amemwagikiwa na chai. "Watanigombeza, nyathina," akasema, yaani mwanangu kwa Kijaluo. Nikamwambia, "Mama, tukisema chai watatibu chai." Basi akakubali niseme mimi: ni kitunguu saumu kibichi, kilipondwa, kilifungwa na plastiki tangu jioni, na ana ugonjwa wa sukari. Nesi hakugomba hata kidogo. Alipima sukari kwanza, kwa sababu ikipanda kidonda hukawia kupona na huoza haraka. Akasafisha, akaweka bendeji yenye mafuta isiyonata, akampa sindano ya pepopunda kwa kuwa mama hakumbuki alichanjwa lini.

Yeye ndiye aliyetueleza kwamba kitunguu saumu kikiwa kizima hakina ukali huo. Ukikiponda ndipo kemikali iitwayo alisini inapotengenezwa, na ukiifungia kwenye ngozi hewa isipite, inachoma kabisa, na kadiri saa zinavyoenda ndivyo inavyozama. Ngozi ya mzee ni nyembamba, ndiyo maana mama aliumia hivyo. Kwenye sufuria ya samaki kitunguu hichohicho hakina neno.

Limau nalo wasichana walijue: ukipaka usoni kuondoa chunusi kisha utoke juani, na jua letu mnalifahamu, ngozi inaweza kuungua na kubaki na mabaka meusi kwa wiki au hata miezi.

Nyumbani nilibadilisha bendeji kama nilivyoelekezwa, nikinawa mikono kwa sabuni kwanza, huku nikiangalia usaha, harufu, homa, au wekundu unaosambaa. Hilo la wekundu msilipuuze, hasa kwa mwenye sukari. Ukiuona, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Kidonda kimefunga. Ngozi mpya ni nyeusi kuliko ile ya zamani, na mama huifunika akienda sokoni Kibuye. Goti lenyewe bado linauma, ila sasa anafanya mazoezi aliyoonyeshwa kliniki: anakaa kitini, ananyoosha mguu, anaushikilia kidogo, anaushusha. Jirani naye huja kukaa naye, na mama mwenyewe ndiye aliyemsimulia yote, bila hasira.