Kwenda Ukerewe Kubishana Habari za Kupa

Ukitaka kuwakuta wavuvi wa dagaa wametulia, nenda wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inataka giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa samaki hawakusanyiki, mitumbwi inavutwa nchi kavu, na kambi inapata siku kadhaa za kushona nyavu, kunywa chai na kubishana. Kwa hiyo safari yangu ya Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, haikungoja likizo wala mshahara. Niliangalia mwezi, nikampigia simu Mama Lydia. "Njoo, karani," akasema. "Watu wapo, na habari ya Kupa bado hatujaimaliza."

Kupa ni John Cooper, askari wa doria wa Los Angeles katika tamthilia ya Southland. Mama Lydia naye hana mtoto anayeitwa Lydia. Jina hilo alilipata kwenye banda la video la kambi, miaka ile nikiwa karani wa mzigo wa dagaa: kila mpelelezi Lydia Adams, aliyeigizwa na Regina King, alipoanza kumhoji mtu, mama huyu aliongezea maswali yake kwa sauti, na mara nyingi ya kwake ndiyo yalikuwa makali zaidi.

Meli ya Nansio, mji wa Ukerewe, inapakia Bandari ya Kaskazini, pale Mwanza mjini. Mizigo hutangulia: magodoro, kreti za soda, mabati, maboksi ya vifaranga yaliyotobolewa matundu. Abiria tunajipenyeza palipobaki. Mimi nilibanana na kijana aliyekumbatia kioo cha mbele cha gari, kimeviringishwa kwenye blanketi la kijivu. Kila meli ilipoyumba alikuwa anafunua pembe ya blanketi, anapitisha kidole ukingoni polepole, anafunika tena. Nilimuuliza kwa nini hakukiweka chini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakumwacha mtoto sokoni.

Tulipoiacha Kirumba nyuma na mawe ya Mwanza yakaanza kufifia, nilipata muda wa kuwaza. Ni saa tatu hivi mpaka Nansio.

Bandani kwetu tulitegemea sidii za kuchoma kutoka mjini. Sizoni ya kwanza ya Southland ilikuja na vipande 7, tukanyamaza. Ya pili ikaja na 6. Hapo ukazuka ugomvi. Mwenye banda alikwea meli kwenda Mwanza kumfokea muuza sidii, kwamba amekata mali katikati ili tununue mara mbili. Muuza sidii akaapa kwamba ndivyo ilivyo. Alikuwa mkweli, jambo ambalo katika biashara ile halikuwa la kawaida. Aliyekata ni NBC, kituo cha televisheni cha Marekani. Tamthilia hii ya Ann Biderman ilianza kurushwa Aprili 2009, na Oktoba mwaka huohuo kituo kikaitupa kabla sizoni ya pili haijaonyeshwa, vipande 6 vikiwa vimeshatengenezwa. Saa yake ya saa nne usiku walikuwa wamempa mchekeshaji Jay Leno na mazungumzo yake, siku tano kwa wiki, na kwa kuonyeshwa saa tatu usiku wakubwa waliiona nzito mno. Kituo kingine, TNT, wakainunua, wakaonyesha hivyo vilivyokuwepo mwaka 2010, kisha wakatengeneza sizoni tatu za vipande 10 kila moja. Mwaka 2013 nao wakaifuta. Jumla 43, basi.

Nzito ilikuwa kweli. Kamera inashikwa mkononi na kukimbia na askari barabarani. Kila kipande kinaanza na picha iliyogandishwa katikati ya balaa, sauti ya mwanamume inasema neno moja mawili kuhusu kazi ya polisi, halafu tunarudishwa nyuma kuona ilivyoanza. Kesi nyingine haziishi. Hakuna jambazi mkuu wa kusubiriwa mpaka mwisho. Nadhani ndiyo maana wavuvi waliipenda kuliko zile za mabomu: ni watu wanaingia zamu wamechoka, wanatoka wamechoka zaidi. Cooper ana mgongo mbovu na anakula vidonge vya maumivu mpaka vinamla yeye. Wavuta nyavu wa kambi ile hawakuhitaji mkalimani kwenye mgongo wa Cooper.

Nansio nilichukua bodaboda, tukapita mihogo na michungwa mpaka mwaloni, ufukweni penye kambi ya wavuvi. Dagaa wa mwisho wa giza lililopita walikuwa bado wameanikwa kwenye chanja, na akina mama wanawageuza kwa viganja. Banda la video halipo. Umeme umefika, kila mtu ana tivii yake, na vijana wanaangalia kwenye simu. Jenereta la zamani bado lipo nyuma ya nyumba ya Fundi, aliyekuwa analiendesha. Ameling'oa kabureta akaiuza, lakini gamba hataki kulitupa.

Jenereta ndilo kiini cha ubishi wetu, kwa hiyo lazima nieleze mwisho wa tamthilia. Katika sizoni ya tano Cooper na mwenzake wa zamu, Lucero, wanatekwa na watumia dawa za kulevya. Lucero anauawa, Cooper ananusurika. Kisha anarudi kwenye maisha. Usiku mmoja yuko nyumbani, hayuko kazini, na majirani wanawasha jenereta linalounguruma. Anawaendea, maneno yanazaa ngumi, anampiga mtu vibaya. Askari wanaitwa, wanafika, wanampiga risasi. Tunamwacha amelala chini. Sizoni ya sita haikuja kutuambia kama aliamka.

Siku tulipoangalia kipande hicho, jenereta letu lilikuwa linanguruma kiasi kwamba nusu ya banda hawakusikia jenereta la kwenye tivii. Walidhani Kupa amepandwa na wazimu bila sababu.

"Na mimi bado nasema alikosea," Fundi alianza, hata ugali wa muhogo haujatua mkekani. "Jenereta la mtu halipigiwi mtu. Mimi hapa mzee jirani alinitukana miaka na miaka. Aliniua?"

"Hakukuua kwa sababu ulikuwa unamwingiza bure," Mama Lydia akamjibu. Watu wakacheka, kwa kuwa ni kweli.

Mvuvi mmoja mkimya, ambaye sasa ana mitumbwi yake na anaitwa tajiri, akasema walioua ni wale askari, hawakumpa mtu muda. Kijana mmoja, ambaye alikuwa mtoto wa kufukuzwa mlangoni enzi hizo, akasema Cooper yu hai, maana alimwona baadaye yule aliyemwigiza, Michael Cudlitz, kwenye tamthilia nyingine, The Walking Dead. Alipigiwa kelele mpaka akaongeza mchuzi kwenye sahani yake ili apate cha kufanya. Mimi nilikuwa upande wa tajiri. Niliposikia aliyoyasema mama nikahama.

"Ninyi mnaangalia risasi," alisema, huku anachambua mwiba wa sato. "Mimi naangalia siku zilizotangulia. Mtu ametekwa, mwenzake ameuawa macho yake yanaona. Hapa kwetu mtu akizama, nani anaingia ziwani? Hatuingii mpaka apatikane. Akipatikana, aliyekuwa naye mtumbwini hakai peke yake, watu wanakesha naye. Kupa alikesha na nani? Wenzake wote wana sare, wana magari, wana redio. Yuko peke yake na jenereta la watu."

Fundi hakukubali. Alisema jenereta lina haki yake, na kwamba mtu mwenye shida anabisha hodi. Wakaendelea mpaka mwezi ukawa juu ya paa, wakavuka kwa mpelelezi Nate Moretta aliyeuawa na vijana wa mtaani kwenye sizoni ya tatu, wakarudi tena kwa Kupa. Kilichonishangaza ni jinsi walivyokumbuka vitu vidogo, wakati hakuna aliyekumbuka hata kesi moja ya Lydia ilivyoisha.

Kesho yake, kwenye meli ya kurudi, nilikaa karibu na askari polisi mwenye sare, kamaliza likizo, mfuko wa machungwa miguuni. Nikaona hii ni bahati, nimpelekee shauri mtu wa kazi yenyewe. Nikamsimulia yote, toka mgongo mpaka jenereta. Akasikiliza kwa heshima, akamenya chungwa, akanipa nusu.

"Kaka," akasema, "mimi nikitoka kazini siangalii polisi. Naangalia za Kituruki."