Begi la Bond kwenye kanda ya kukodi

Miaka ya 1980, Jumapili moja jioni, mjomba alituletea nyumbani kwake Pangani deki ya video na kanda ya From Russia with Love, filamu ya pili ya jasusi James Bond, ya mwaka 1963. Sisi vijana tulitaka milipuko kama ile ya Dr. No, filamu ya kwanza. Yeye akasema, "Nyinyi tazameni begi."

Begi lenyewe Bond anakabidhiwa London: risasi 40, sarafu za dhahabu 50, kisu kilichofichwa, bunduki ya kukunja, na mkebe wa poda wenye gesi ya machozi. Vifungo lazima vizungushwe vilale kwanza, ndipo ufungue kama kawaida; ukikosea, gesi inakulipukia usoni. Basi, filamu inaendelea na mambo mengine kana kwamba imeusahau mtego huo wa gesi.

Hadi kwenye treni. Grant, muuaji anayejifanya jasusi mwenzake Bond kutoka Uingereza, anaagiza divai nyekundu kwa samaki, kosa ambalo muungwana hafanyi, na Bond anashtuka akiwa tayari amepigishwa magoti. Anampa sarafu ili apewe sigara. Tamaa inamshika Grant, analifungua begi la pili kama hilo, la jasusi anayemwiga, yeye mwenyewe, kama mtu yeyote angelifungua. Kinachofuata ni ngumi katika chumba kisichotosha watu wawili, taa zimevunjika, muziki umenyamazishwa, unasikia vishindo na treni tu.

Hapo hapo picha ikajaa chenga. Kila aliyekodi ile kanda alirudisha sehemu hiyo, ikachakaa. Mjomba akafunua deki, akagusisha karatasi yenye spiriti kwenye kichwa cha deki kinachosoma kanda na kukizungusha taratibu kwa kidole. "Ukisugua juu chini, umekiua."

Picha ilirudi, lakini utamu ukaisha treni ilipoachwa. Helikopta inamfukuza Bond milimani, kisha boti zinamfukuza baharini, mapipa ya mafuta yanawaka. Ni vishindo vya kuridhisha watu kama sisi, na ukiacha bunduki ya begi inayoiangusha helikopta, havikutegwa na chochote kilichotangulia.

Mkaza mjomba alikuwa na lake: "Huyu msichana kazi yake kulala tu?" Kweli, Tatiana, msichana Mrusi anayesafiri na Bond, amelishwa dawa, na vita vyote vya treni vinampita usingizini.

Mwishoni Rosa Klebb, mkuu wa Grant, anakuja na kiatu chenye kisu cha sumu. Katika riwaya ya Ian Fleming ya 1957, teke hilo linampata Bond, anaanguka sakafuni. Mjomba, aliyeisoma, akalalamika kuwa watengenezaji waliogopa. Mkewe akamkatiza: kwenye filamu ni Tatiana anayempiga Klebb risasi, na angalau hapo ameamka.