Bustani ya Jeevanjee na maeneo ya wazi ya Dodoma

Mwaka 1906, Nairobi ikiwa bado mji mdogo uliozaliwa na reli ya Uganda miaka saba tu kabla, mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi wake bustani ya ekari zipatazo tano. Mzaliwa huyo wa Karachi alikuwa ametajirika kwa kuwaleta kutoka India vibarua waliojenga reli hiyo. Ndani ya bustani alisimamisha sanamu ya Malkia Victoria, ambayo ilizinduliwa na mwana wa malkia mwenyewe. Zawadi ilitoka kwa mtu aliyetaka kuuenzi utawala wa Kiingereza, ingawa miaka michache baadaye, akiwa Mhindi wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alisimama kupinga ubaguzi wa utawala huohuo.

Naona historia hii inatuhusu sisi wa Dodoma kuliko tunavyodhani. Mji wetu nao ulikua pembeni mwa reli, baada ya reli ya kati kufika hapa mwaka 1910. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifuatwa na mpango wa mji wa mwaka 1976, uliotaka makazi yafuate umbile la ardhi, watu waweze kutembea kwa miguu, na mitaa itenganishwe na maeneo ya wazi. Bustani zetu, kwa hiyo, hazikutolewa na tajiri mmoja. Zilichorwa kwenye ramani kwa niaba ya wananchi wote, na kwa maoni yangu hiyo pia ni zawadi.

Zawadi ya Jeevanjee ilijaribiwa mwaka 1991, ulipoibuka mpango wa kujenga hapo jengo la ghorofa na maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amepigania Uhuru Park, bustani nyingine ya Nairobi, dhidi ya jengo la ghorofa 60, alimuunga mkono. Mpango ukaachwa. Kilichowapa nguvu ni kwamba waliweza kueleza bustani ilitolewa na nani, lini, na kwa ajili ya nani. Sanamu ya malkia ilikatwa kichwa mwaka 2015, lakini bustani ipo, na wananchi wanaendelea kukutana humo kujadili siasa.

Hapa kwetu, jua la saa nane mchana linatosha kueleza thamani ya eneo la wazi lenye miti. Pale Nyerere Square utawaona watu wakisogea kidogo kidogo kukifuata kivuli, wengine wakiwa na bahasha za maombi waliyokuja kufuatilia ofisini, wengine wakisubiri tu joto lipungue. Mji unajengwa kwa kasi, na kiwanja kisicho na jengo huonekana haraka kuwa kiwanja kisicho na mwenyewe.

Ningependa Halmashauri ya Jiji isimike kibao katika kila eneo la wazi, kikionyesha namba ya kiwanja, ukubwa wake na matumizi yaliyoidhinishwa, na nakala ya ramani ya eneo hilo ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo mkazi yeyote anaweza kuisoma bila kuomba kibali.