Kwa miguu hadi kwa vifaru wa Ziwa

Tulitoka Kampala saa kumi na moja alfajiri kwenda Ziwa, hifadhi ya vifaru ya Uganda, kwa barabara ya Gulu, foleni ya Bwaise ikiwa bado haijaanza. Luweero, Migyera, kisha Nakitoma: hapo lami unaiacha, unakata kushoto, zinabaki kama kilomita 7 za murramu. Usiye na gari, panda basi la Gulu na umkumbushe kondakta mapema, maana Nakitoma ni kijisenta tu, hupitwa kufumba na kufumbua. Ukichukua bodaboda, patana naye kwenda na kurudi.

Uganda ilipoteza vifaru wake wote mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ujangili. Hawa wa Ziwa wametokana na sita: wanne kutoka ranchi ya Solio, Kenya, mwaka 2005, na wawili kutoka Florida, Marekani, mwaka uliofuata. Wa kwanza kuzaliwa hapa, mwaka 2009, baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani, akaitwa Obama. Leo wanazurura wapendavyo katika kilomita za mraba 70 zilizozungushiwa uzio wa umeme. Simba na tembo hamna, ndiyo maana mgeni huruhusiwa kuwafuata kwa miguu.

Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika. Manukato acha kabisa. Kifaru haoni mbali, ila pua yake ni kali mno. Askari wa hifadhi aliyetuongoza alichota vumbi, akaliachia lipeperuke, kisha akatuzungusha nusu saa nzima ili upepo utupige usoni. Njiani tukakuta rundo la mavi yaliyojaa nyasi, bado mabichi, na ardhi imechimbika pale dume alipoparura kwa miguu ya nyuma. Mpaka wake huo.

"Mama, simama nyuma ya mti huu," askari alimnong'oneza mwenzetu. Jike alikuwa anakula, mdomo mpana umebanwa ardhini, nyasi zikikatika kwa sauti ya mtu anayefyeka taratibu. Ndama alitangulia, kwa vifaru weupe mtoto hutembea mbele ya mama. Tulisimama kama mita 30 kutoka kwao. Jike akaacha kutafuna, sikio moja likageukia kwetu, jingine nyuma. Hapo hukimbii, hupigi picha: unaganda. Alipoinamisha kichwa tena, askari akatuashiria turudi kinyumenyume.

Fika asubuhi. Jua likiwa kali hulala vichakani, utaona mgongo tu. Wanaomtaka na korongo nyangumi, ndege mwenye mdomo mkubwa, wa kinamasi cha Lugogo heri walale hapohapo, maana mtumbwi huondoka mapema.